Bata wa Mlinda Lango

Shemeji yangu Jernej, mlinda lango, alizaliwa katika chumba kilicho juu ya lango la ngome yetu, na amekuwa akimwomba Mungu afie humohumo. Kodi yake ni bata bukini mmoja, mzima, kila sikukuu ya Mtakatifu Martino. Mwenye ngome akimpokea kwa mikono miwili, familia inakaa mwaka mwingine. Asipompokea mpaka jua likazama, wanahama. Ndivyo ilivyoandikwa tangu enzi za wapanda farasi wenye mavazi ya chuma.

Wenye ngome wamebadilika, bata hakubadilika. Alipokewa na maaskofu, wakaja mabwana wa ukoo mmoja mkubwa, na mmoja wao alilewa hata akambusu. Wakati wa vita kapteni wa Kiitaliano alimpigia saluti. Serikali ya Wakomunisti ilipoichukua ngome, mkurugenzi alisema desturi hizo ni za mabwanyenye, kisha akampokea, akamla, akatoa stakabadhi tatu.

Mwaka juzi ngome ikanunuliwa na daktari wa meno kutoka mji mkuu, Ljubljana. Mtu mpole, ila hali nyama, na chumba cha Jernej alikitaka kiwe mkahawa. Wakili wake alimwonya asimguse bata. Basi sikukuu ilipofika, kutwa daktari alitembea mikono mfukoni, hata mlango akaufungua kwa kiwiko. Jernej nyuma yake, bata kwapani, kutoka bustanini hadi kisimani.

"Bwana daktari, nishikie kidogo tu nifunge kiatu."

"Mzee Jernej, viatu vyako havina kamba."

Mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha sebule ya daktari, yenye makochi meupe. Jua lilikuwa limeshagusa mnara wa kanisa. Jernej alimweka bata chini apumzishe mkono, nami mlango nilikuwa nimeuacha wazi, sakafu ikauke. Bata akaingia. Akapanda kochi. Na bata aliyeshiba mahindi hana subira.

Daktari akaja mbio, akamkamata kwa mikono yote miwili, akatoka naye amemtanguliza mbele kama mtoto wa ubatizo. Nje alikuwapo padri na kijiji kizima, wamekuja kubariki divai mpya.

Jernej akavua kofia. "Nashukuru, bwana daktari. Mungu akipenda, mwakani tena."

Jumamosi niliungama habari ya mlango. Padri akauliza niliuacha wazi kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akanipa Salamu Maria moja tu, maana daktari, kwa kuwa hali nyama, bata alikuwa amempelekea padri huyohuyo.