Swali Nililolionea Haya

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, tabibu mchanga aliyehitimu kwa alama nzuri na kuupenda mno mwandiko wake mwenyewe. Nilikuwa nimepangiwa kumsaidia Daktari Fides katika hospitali moja hapa Songea. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya tumbo, Mngoni mwembamba asiyeinua sauti, na alikuwa akifanya utafiti juu ya saratani ya kongosho na ya njia ya chakula. Kongosho, kama hujalifikia darasani, limelala nyuma ya mfuko wa chakula, limejificha kiasi kwamba mkono wa daktari unaweza kulibonyeza tumbo siku nzima usiambulie kitu. Daktari Fides alizoea kusema kuwa habari zake lazima tuziulize kwa majirani: macho, ngozi, mkojo na choo.

Kazi yangu ilikuwa kumhoji kila mgonjwa na kujaza karatasi ya maswali.

Siku hiyo aliletwa Mzee Athumani, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Alikuwa amekonda, macho yake ya manjano, na mikono yake haikuacha kujikuna. Alifuatana na mpwa wake, Bakari, kijana mwenye maneno mengi. Desturi yetu unaijua. Mzee akiugua, anayemsindikiza ndiye msemaji wake. Yeye hukaa kimya na heshima yake, na kijana mwenye adabu hamuulizi mzee habari za chooni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na tangu hapo sikumuuliza tena neno. Bakari alisema mjomba wake alikunywa dawa ya mizizi iliyomharibu ini, na kwamba kijiji kizima kinajua. Nikaandika. Tulipofika kwenye swali la rangi ya choo, nilimtazama Bakari; Bakari akatazama dirisha. Nikaandika: kawaida. Nikampa mzee vidonge, nikamwambia akapumzike nyumbani na arudi baada ya miezi miwili.

Daktari Fides alitoka chumba cha upasuaji, akaichukua karatasi ile na kuisoma akiwa bado amesimama.

"Nani kasema choo ni cha kawaida?"

"Mgonjwa, daktari."

"Mgonjwa mwenyewe?"

Nikakiri kuwa aliyejibu maswali ni Bakari, mpwa wake.

"Karatasi hii kaiandika Bakari," alisema. "Wewe umemshikia kalamu tu. Niletee nyingine kumi za namna hii, tutagundua dawa ya kuwatibu wapwa." Hakucheka. "Kama kuna uvimbe unaoziba njia ya nyongo, choo hupauka, na miezi miwili huyu mzee hana. Yuko wapi?"

Mzee alikuwa apande basi la Tunduru kesho yake alfajiri, na alifikia kwa ndugu yake, mtaa wa Mfaranyaki. Nilikwenda kwa miguu, koti jeupe likiwa bado mwilini, nikiuliza nyumba hadi nyumba huku wenye maduka wakinishangaa. Nilimkuta uani, ameketi mkekani, akijikuna mgongo kwa gunzi la hindi. Nilimwomba Bakari atupishe kidogo, nikachuchumaa.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Umesahau nini, daktari?"

"Swali moja, na naomba uniwie radhi. Choo chako kina rangi gani?"

Alinikazia macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Subhanallah! Mwaka wangu wa kuzaliwa umemuuliza Bakari mara mbili, na hakuwapo nilipozaliwa! Hili ninalolijua peke yangu ndilo ulilolikimbia? Haya, andika. Cheupe, kama udongo wa kupakia ukuta. Mkojo kama chai ya rangi. Tangu mikorosho ilipotoa maua. Na hiyo dawa ya mizizi mimi sijaionja. Aliyeinywa ni jirani yangu."

"Mbona hukusema pale hospitali, mzee?"

"Mbele ya mtoto wa dada yangu? Na kwani uliniuliza?"

Nilirudi naye hospitali kabla giza halijaingia. Daktari Fides aliyasoma majibu mapya, akaniambia kwamba hayathibitishi jambo, ila sasa tunajua pa kutafuta. Akatafuta. Palikuwa na uvimbe mdogo pale njia ya nyongo inapopita kwenye kichwa cha kongosho, nao ulikuwa bado haujasambaa. Mzee Athumani alipasuliwa, akapona, akaishi miaka mingi. Najua kwa sababu nilikwenda Tunduru nikamwona kwa macho yangu.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Usiku ule nilizitoa karatasi zangu zote za miezi iliyotangulia. Zilizoandikwa "kawaida" bila mgonjwa kuulizwa zilikuwa kumi na moja. Sikuwahi kujiuliza, hata kwa udadisi wa kawaida, ni vipi wagonjwa wote wa tumbo wawe na choo cha aina moja. Daktari Fides aliziondoa zote katika utafiti wake na kunipa ruhusa ya wiki mbili niwatafute wagonjwa wenyewe. Niliwapata saba. Wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Wawili waliobaki nimewaulizia Msamala, Tunduru na kwingineko, na mpaka leo sijui yaliyowapata.

Sasa wewe, mwanangu, umechaguliwa kwenda kuisomea saratani hii hii. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikungoja kuambiwa. Mtakuwa na mashine ambazo sisi hatukuziota, na kila moja itaanza kazi kwa kile utakachokuwa umemwuliza mgonjwa. Basi muulize yeye. Mtoe msindikizaji nje kwa adabu, chuchumaa, uombe radhi, uulize hata linalokuchoma uso. Ukiwa hukuuliza, andika kwamba hukuuliza. Nafasi tupu kwenye karatasi itamrudisha mwenzako kwa mgonjwa, lakini neno la kubuni litamzuia asirudi kabisa.

Mwenyezi Mungu akujalie hamu ya kujua isiyochoka, akutie ujasiri wa kuuliza, na kila utakayemhoji akuone kuwa mtu wa kuambiwa kweli. Nenda salama.