Pembe Niliyoinunua kwa Fedha za Matimba

Nakumbuka asubuhi moja machimboni Geita, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, ingawa Mungu amenijalia uzee wa utulivu.

Kaka yangu Kulwa alinituma kununua matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisianguke. Njiani nikamkuta mtu ameweka pembe nyeusi juu ya kitambaa. Muislamu akipita, alisema ilikuwa ya mnyama aliyepona gharika ya Nuhu. Mkristo akipita, ya yule wa pembe moja wa Agano la Kale. Mimi aliposikia lafudhi yangu, ikawa ya mnyama wa mababu zetu Wasukuma.

"Chukua, ng'wanawane, mwanangu. Ukiwa nayo, ukuta hauthubutu kuanguka."

Nikampa fedha zote.

"Shija, matimba yako wapi?" Kulwa aliuliza.

"Hatuyahitaji. Mnyama wa pembe hii ameandikwa kwenye Biblia."

Alicheka. "Haya, wewe ndiye mwalimu wa katekisimu." Akashuka. Kabla ya saa sita ukuta ulimwangukia.

Baba alikuja hospitali kutoka Shinyanga. Hakupiga kelele. Aliigeuza ile pembe, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa.

"Umechunga ng'ombe miaka mingapi?"

"Kumi, baba."

"Na pembe ya ng'ombe huijui?"

Kulwa alipona, lakini mguu mmoja ulibaki pale hospitali.

Sasa jana, ukijiandaa kwenda machimboni, ulinionyesha kwenye simu farasi mweupe mwenye pembe, na unga wa pembe yake kwenye kichupa. Siku hizi wanamwita yunikoni, na muuzaji anasoma Maandiko kabla ya kutaja bei! Biblia yetu inasema nyati. Wafasiri wengine wa kale waliandika mnyama wa pembe moja. Lakini hata mmoja wao hakusema pembe yake inazuia udongo. Mtu anayelitumia Neno la Mungu kuwapeleka vijana shimoni bila matimba ni muuaji, nami sitalainisha neno hilo.

Basi, mwanangu, anayembadilishia mnyama jina kwa kila mteja, mkimbie. Uliyojifunza zizini kwa baba yako usiyaache zizini. Omba, kisha nunua matimba, uyagonge mwenyewe uone kama yameshika, ndipo ushuke.

Mungu aliyemwachia Kulwa pumzi akutangulie shimoni, akutoe jioni ukitembea kwa miguu yako yote miwili.