Kitenge cha Feni Gatini

Kazi yangu ilikuwa kuipa meli umeme. Meli ikishafunga kamba gatini Kigoma haiwezi kukaa inanguruma na jenereta lake mchana kutwa, maana dizeli inaisha na moshi unawaingia watu machoni. Kwa hiyo tulikuwa tukivuta kebo nene kutoka kwenye boksi la nchi kavu hadi ubavuni mwa meli, inaunganishwa, jenereta linazimwa, na meli inakula umeme wa mji. Umeme wa mji wenyewe nao ulitoka kwenye majenereta, tena yenye kuzimika yakijisikia, lakini hayo hayakunihusu. Mimi niliishia kwenye boksi.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa fundi mzee wa Mwandiga, Muha, mtu wa kunitania kuanzia anaposema “Mwakeye” asubuhi mpaka tunaachana. Yeye ndiye aliyepanda melini. Plagi ya kebo ilikuwa imeungua zamani na hakuna aliyeleta nyingine, hivyo alizifunga ncha tupu za waya kwa spana, moja moja, kwa mikono yake. Mimi nilibaki chini na mkono kwenye swichi. Sheria ilikuwa moja tu: aliyezima swichi haachi mpini mpaka aiwashe yeye mwenyewe. Haendi kujisaidia, haendi kusalimia, hampi mtu amshikie. Mpita njia akiinua ule mpini kwa kudhani anasaidia, yule wa melini anakufa palepale. Fundi hakuwahi kunieleza sheria hiyo ilianza vipi. Nilipomuuliza alinionyesha kidole chake cha shahada, ambacho kilikuwa kifupi kuliko kinavyotakiwa, akaniambia nishike mpini.

Akishamaliza kufunga, aliwaambia wa chumba cha injini wazime jenereta. Kelele zote zinakatika. Kisha ananipungia kitambaa chake chekundu, nami nainua mpini. Kama alizikosea fezi, yaani amezipishanisha nyaya, taa ziliwaka vizuri tu, ila pampu zilizunguka kinyume na maji yakagoma kupanda, na sote tukaanza upya huku tukitukanwa na kila mwenye ndoo.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Meli zilizozoea kubeba dagaa, mawese na wafanyabiashara zilikuwa zinashusha watu. Walishuka na sufuria, na magodoro, na kuku waliofungwa miguu. Wengine walishuka mikono mitupu wakiwa wamenyanyua mabega kana kwamba wamebeba kitu. Walipangwa mistari, wakakalishwa kwenye banda la mizigo, wakanyweshwa uji, na mabasi yakawachukua kwenda kambini. Mwanzoni nilikuwa nikirudi nyumbani siwezi kula. Baadaye nikawa nakula mihogo yangu palepale kwenye boksi, nao wanapita mbele yangu. Watu wananiuliza hadi leo nilijisikiaje. Swali hilo linanikera. Sikujisikia. Nilishika mpini.

Nilikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nakitafuta kwenye ile mistari, nacho hakikuwa sura ya mtu. Kilikuwa kitambaa.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikuwa ameolewa Uvira. Sisi ni Wamanyema, watu wa ng’ambo ya ziwa kwa asili. Babu alihamia Ujiji, tukabaki, lakini wachumba tuliendelea kuwafuata kulekule. Kwenye harusi yake wanawake wote wa ukoo walishona sare ya kitenge kimoja. Bibi harusi alikichagua mwenyewe: kijani, chenye picha za feni za njano, feni za mezani kabisa, zenye waya na plagi. Nilimcheka sana. Nyumba yetu haikuwa hata na balbu.

“Wewe si ndiye fundi umeme?” akaniambia. “Nimekuchagulia wewe, ili siku nikija usinipite.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi sina macho ya sura za watu. Tangu utotoni nilikuwa nawapita shangazi zangu barabarani bila shikamoo, na mama anaitwa kuulizwa kwa nini amezaa mtoto hana adabu. Nilikuwa na adabu. Sikuwatambua tu. Waya nikiuona mara moja ninaujua ulipotoka na unapokwenda, lakini mtu akivua kofia namwona mgeni. Yaya alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinikanyaga mguu kila shangazi anapokaribia.

Vita vilipofika Uvira, habari zake zilikatika. Mama, aliyekuwa akiuza mawese barazani kwetu Ujiji, alianza kuniuliza swali moja kila nirudipo kazini. “Hajaja?” Nami nasema, “Hajaja.” Anarudi kwenye chupa zake. Tuliishi hivyo, tunakula, tunalala, tunaamka. Wala hatukulia. Nilikuwa naitafuta feni ya njano kwenye kila mstari, na nisipoiona ninaona kazi imekwisha.

Siku niliyoiona ilikuwa asubuhi ya kawaida, ziwa limetulia na jua tayari linachoma. Fundi alikuwa ameinama ubavuni mwa meli, spana mkononi, ncha mbili zimeshafungwa na ya tatu ameishika. Jenereta lilikuwa bado linanguruma. Watu wakaanza kushuka, na katikati ya mstari ikapita feni. Kijani kimepauka, feni zimekuwa rangi ya majani makavu, lakini zilikuwa ni zile. Mwenye nazo alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kitenge kifuani, kichwa wazi. Alipita karibu na boksi langu kiasi kwamba ningetupa ganda la muhogo lingemgonga.

Nikaita, “Yaya!” Sikuisikia sauti yangu mwenyewe, jenereta liliimeza. Nikaita tena. Akaendelea kutembea.

Nataka nieleweke hapa. Ningeweza kuachia mpini. Banda lilikuwa pale, hatua chache, na mabasi mawili yalikuwa tayari yanapiga honi. Nilimtazama fundi, nikaona kisogo chake na mikono yake kwenye shaba. Nikabaki. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba dada yangu anapita na mkono wangu haujatikisika hata kidogo.

Mara jenereta likakatika. Kila mara kimya kile huwa kinakuja kwa ghafla, unasikia maji yanapiga kuta za gati na watoto wanakohoa. Nikaita kwa nguvu zangu zote.

“Yaya!”

Waligeuka wengi. Karibu kila mwanamke kwenye ule mstari ni yaya wa mtu. Waligeuka kwa pamoja, na nyuso zao zikafunguka, wakanitazama mimi, kijana wa ovaroli aliyeshika chuma, halafu moja baada ya nyingine zikajifunga. Wa feni naye aligeuka. Alikuwa na pengo mbele na kovu kwenye nyusi. Hata mimi, pamoja na macho yangu haya, nilijua hakuwa yeye.

Fundi alikuwa ananipungia kitambaa chekundu muda wote huo. “We Mmanyema!” akapiga kelele. “Umelala? Washa!”

Nikainua mpini. Taa za meli zikawaka. Pampu zikazunguka sawasawa.

Nilipoachia mpini nilikwenda bandani. Yule mwanamke alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha uji, hanywi. Nikamsalimia, nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza kitenge kile amekipata wapi. Aliweka kikombe chini.

“Njo wewe?” akasema. “Ule wa umeme?”

Nikasema ndiye mimi.

Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili cha kwao. Alifika ufukweni hana nguo, alisema, na hakusema kwa nini. Palikuwa na mama mmoja aliyevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Akavua cha juu akamfunga yeye. “Akaniambia, ukifika Kigoma usikitoe, hata kama wanakupa kingine kizuri. Kuna mtu wa umeme pale, haoni watu, anaona hiki. Atakuuliza. Akikuuliza umwambie mi niko mzima. Niko na miguu, niko na mikono. Mama mkwe ndiye hawezi kutembea, na siwezi kumwacha. Akikufa nitakuja.”

“Ni lini hiyo?”

Akafikiri. “Tulikuwa tungali tunavuna mahindi.”

Mahindi yalikuwa yamevunwa zamani. Yale mapya yalikuwa yameshaota. Muda wote huo alikuwa amekaa kwenye vijiji vya njiani akingoja nafasi ya meli, na alikuwa bado amevaa kile kitenge kwa sababu aliambiwa asikitoe.

Akaanza kufungua fundo kifuani. “Ni chenu,” akasema. Chini yake alikuwa na shimizi na si kitu kingine. Nikamshika mkono, nikamwambia aache, ajifunge. Nikamshukuru. Nikarudi nikakunja kebo, nikaifuta maji, nikaitundika. Nilingoja nisikie kitu, furaha au hata uchungu. Nilisikia njaa.

Jioni mama alikuwa barazani anafunga chupa zake kwa vizibo vya magunzi.

“Hajaja?”

“Hajaja. Ila yuko mzima.”

Nikamweleza yote kama nilivyoambiwa, pamoja na ile ya kwamba mimi sioni watu. Nilipofikia hapo alicheka, kicheko kifupi kilichotoka puani, nami sikuwa nimekisikia tangu vita vianze. Kisha akauliza kitenge kiko wapi. Nikasema nimemwachia yule mwanamke, hana kingine, naye analala bandani akingoja basi la kesho. Nilitegemea atanigombeza, kwa kuwa kile kitambaa kilikuwa kimetoka mwilini mwa mwanawe.

Hakunigombeza. Aliingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na kitenge chake mwenyewe cha ile sare. Hakuwa amekivaa tangu vita vianze. Feni zilikuwa za njano ileile ya siku ya harusi.

“Mpelekee na hiki kesho kabla basi halijaondoka. Kimoja hakimtoshi mtu mzima. Ajitande.”

Nikakipokea. Akarudi kuketi kwenye mkeka wake, akachukua chupa nyingine, akaiweka chini bila kuifunga.

“Sasa baba,” akasema, “akija, utamjua kwa kitu gani?”

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba yeye ni yaya wangu, nitashindwaje kumjua. Halafu nikajaribu kumwona. Nikaiona harusi, nikaona kijani, feni, waya wa feni na plagi yake yenye meno mawili. Nikausikia mguu wake ukinikanyaga. Juu ya shingo hapakuwa na kitu. Nilimtafuta pale barazani mbele ya mama mpaka macho yakaniuma, sikumpata, na hapo ndipo nilipolia, mtu mzima na ovaroli langu, hadi majirani wakatoka wakidhani tumepata msiba.

Nilipomaliza, mama aliiokota ile chupa akaiziba. Kisha akaanza kunieleza. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Masikio ya baba yenu. Akicheka, ufizi unaonekana. Anatembea kama mtu anayechelewa. Aliyarudia yote hayo mara nyingi huku nikiitikia, kama mtu anayefundishwa sura za Kurani.

Asubuhi nilipeleka kitenge bandani. Yule mwanamke alijitanda, akapanda basi amevaa feni juu na chini, na lilipokata kona nilikuwa sina tena kitu cha kutafuta kwa mbali.

Meli nyingine iliingia siku ileile. Fundi akapanda na spana yake. Nikazima, nikashika mpini. Mstari ukaanza kushuka, nami nikainua macho kutoka kwenye nguo zao hadi kwenye nyuso, na huo ulikuwa mzigo ambao kitenge kile kilikuwa kimenitua miaka yote. Walikuwa wengi mno, na wote walikuwa na macho. Nikaanza na wa kwanza.