Wahome na Meza ya Maji

Wahome, seremala wa Ruring'u, hakujua kufanya kazi nusunusu. Ukimwagiza kigoda, atataka kujua atakayekikalia ana uzito gani. Kwa hiyo mwaka wa 1999, Injinia Ivy wa mradi wa maji alipomwagiza vinyumba hamsini vya mbao, kila kimoja kiwe mfano wa nyumba moja ya kijiji chetu nje kidogo ya Kiganjo, tulijua atachelewa. Alichelewa wiki mbili. Alikuwa akizunguka mashambani na daftari, akihesabu madirisha ya watu.

"Hizi nyumba ni za nini?" nilimuuliza. Mimi ni mdaku, sikatai.

"Ati ni za kuwekwa kwa meza, kompyuta ione," akajibu. "Hata mimi sijaelewa. Ndio nataka kuona."

Siku yenyewe tukajaa ukumbi wa kanisa. Ivy alikuwa ametundika projekta darini ikiangalia chini, na kando yake kamera ndogo. Mapazia yakafungwa ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Juu ya meza nyeupe ikatokea ramani ya kijiji: mto, barabara, kila shamba na mpaka wake. Wahome akapanga vinyumba vyake. Ivy akaweka kigae cha mviringo chenye alama nyeusi, akasema hilo ndilo tangi. Papo hapo mistari ya buluu ikatoka kwenye tangi ikateremka hadi kwenye nyumba. Akalisogeza, na mistari ikasogea nalo. Tukapiga kelele kama watoto. Mzee mmoja aliinama kuchungulia chini ya meza, nami nikasimama nyuma yake kungoja zamu yangu.

"Kompyuta inapiga hesabu ya mteremko," Ivy akasema. "Leo muamue tangi litakaa wapi. Kesho napeleka ramani Nairobi, na haitabadilishwa tena."

Tukalijaribu shuleni, tukalijaribu kanisani. Kila mara nyumba zote zilipata buluu isipokuwa moja, ile ya juu kabisa mlimani. Ilikuwa ya Watiri, dada yake Wahome. Tangu aolewe alikuwa akibeba maji ya mto mgongoni, na kamba ya mtungi aliyoipitisha utosini ilikuwa imemchimba mtaro kichwani. Alisimama pale mezani akiitazama nyumba yake isiyo na mstari.

"Jaribuni hapa," nikasema, nikionyesha kona ya shamba la Mzee Njoka, juu zaidi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikalichukua tangi mwenyewe, na hapo nikaona kilichowazuia. Wahome alikuwa ametengeneza hata mipaka. Kwenye kona ya Njoka alikuwa amepigilia vijisumari vyenye majani ya bati ya kijani: matoka, yale maua ambayo kwetu hupandwa mpakani mbele ya mashahidi. Asiye mwenye shamba hayang'oi. Nikalirudisha tangi chini haraka.

"Kwani ni nani aliagiza maua?" Ivy akauliza.

"Iko huko kwa shamba," Wahome akasema. "Ningeacha aje?"

"Lakini ni misumari tu!" Ivy akanyoosha mkono aing'oe. Ukumbi mzima ukamfokea, akaurudisha.

Nilimkasirikia Wahome, nasema kweli. Mbao tupu zisingemzuia mtu. Uangalifu wake ndio uliokuwa unamnyima dada yake maji, na usoni mwake niliona anajua. Akamgeukia Njoka aliyeketi benchi la mbele, akavua kofia.

"Mzee, naomba hiyo kona. Si ya injinia. Ni ya dada yangu."

Njoka akamuuliza Ivy, "Ikikaa hapo, maji itafika kwa Watiri?"

"Sijui, Mzee, mpaka tuliweke."

Njoka akainuka polepole. Aling'oa itoka la kwanza, la pili, la tatu, akayachomeka tena upana wa kidole ndani ya shamba lake. Akalitwaa tangi, akaliweka mahali palipobaki wazi. Mistari ikachomoza yote kwa pamoja, na mmoja ukavuka bonde ukagusa mlango wa Watiri. Makofi yakalipuka.

"Asante, Mzee," Ivy akasema. "Na usijali, haya ni majaribio. Ukitaka tunarudisha."

Njoka akamtazama kana kwamba amemtukana.

"Kurudisha? Nimeng'oa itoka watu wote wakiona. Hiyo kona si yangu tena. Andika."

Ivy akaandika. Wahome akaushika mkono wa Njoka kwa mikono yake miwili. Watiri akaketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa leso na kulia kwa sauti mbele yetu sote, na Mzee Njoka akaenda kukaa kando yake.