Ng'ombe Ambao Ramani Haikuwaona

Nilimchinja pale pale kwenye waya. Alikuwa ng'ombe wangu wa mwisho, jike mweupe mwenye baka jeusi begani. Siku nne alikuwa hajatia kitu cha maana mdomoni. Asubuhi ile alijikokota mwenyewe mpaka lilipokuwa lango la ngitili yetu, maana kila kiangazi kikikolea lango lilifunguliwa na yeye ndiye aliyetangulia kuingia. Akakuta uzio wa mgodi. Akaegemea, magoti yakamwisha, akalala. Hata kamba sikuhitaji.

Mlinzi wa mgodi akasogea upande wake wa uzio. Msukuma mwenzangu kabisa.

"Shikamoo mzee. Maini utaniwekea?"

Sikumwitikia marahaba. Mpaka leo sijamwitikia.

Kwa asiyezijua, ngitili ni malisho tunayoyafunga masika, mnyama asiguse, nyasi zikue zikaukie palepale, halafu tuyafungue kiangazi wakati kwingine kote ni vumbi. Ya kijiji chetu ilikuwa na kisima katikati. Mama watoto alichota hapo tangu nilipomwoa. Kuni zilitoka humo, na dawa ya tumbo, na nyasi za kuezekea. Mimi niliishia darasa la nne, lakini thamani ya mahali pale hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Sasa nieleze ilivyopotea, na waliohusika nitawataja. Majina siandiki. Vyeo vyao vinatosha, wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Siku moja kabla ya watu wa ramani kufika alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, tena maji ya kisima kile kile, akasema, "Kesho wanakuja. Ni wale wanaohesabu mifugo ili ipunguzwe. Kila mtu ajipunguze mwenyewe kabla hajapunguzwa."

Alijua anachokifanya. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Hata shemeji yako akikuuliza, unamjibu ni vijing'ombe vichache tu. Alitushika pale tulipozoea kudanganya.

Wa pili ni mtaalamu, mama mmoja mwenye adabu zake, alikuja na kishikwambi cha kupigia ramani. Tulizunguka naye ngitili nzima, kila kona anasimama anabonyeza.

"Baba, una ng'ombe wangapi wanaolisha hapa?"

"Vijing'ombe tu, mama. Kumi na viwili."

Nilikuwa nao arobaini na watatu.

Mama watoto alikuwa kisimani na ndoo yake. Akaniuliza kwa Kisukuma ninamdanganya nani. Nikamwambia anyamaze.

Mtaalamu akatazama njia ya kushukia kisimani. Kwato zilikuwa zimeichimba mpaka ukisimama ndani yake kingo zinakufika magotini. Akauliza, "Njia hii imechimbwa na ng'ombe kumi na wawili?"

Mwenyekiti akacheka. "Ng'ombe wa Kisukuma ni wazito, mtaalamu."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka. Yule mama naye akacheka, kisha akaandika kumi na mbili. Wenzangu nao wakataja vichache vyao, nao wakaandikwa. Mwisho tukatia dole gumba.

Miezi ikapita. Tukaitwa mkutanoni, ramani imetundikwa ukutani. Ngitili ya kijiji jirani ilikuwa ya kijani iliyokoza. Yetu ilikuwa ya njano iliyopauka kama uji wa mgonjwa. Afisa ardhi, huyo ndiye wa tatu, akaeleza kwamba kila eneo limepimwa linawafaa watu kiasi gani, kwa malisho, maji, kuni na dawa, na kwamba lisilowafaa sana ndilo litapewa mgodi wamwage mawe yao ya taka.

Nikasimama. "Nilidanganya. Ninao arobaini na watatu."

Mtu wa nyuma akasema, "Wamezaa lini, jana?" Watu wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Dole gumba ni lako au si lako?"

"Ni langu."

"Basi kaa."

Afisa ardhi alinisikia. Alinitazama, kisha akafunga jalada lake. Tingatinga lilianza na kisima.

Baadaye, mnadani, nilikutana na mwenyekiti wa kijiji jirani. Akashangaa. "Ninyi hamkuambiwa? Wenyeviti wote tuliitwa semina wilayani wiki moja kabla. Tulielezwa wazi ramani ni ya nini. Nilirudi nikawaambia watu wangu wataje mpaka ndama."

Ngitili yao ipo. Wetu aliketi kwenye semina hiyo hiyo, akala chakula cha mchana, akarudi kutufundisha kujipunguza. Leo ana boza, gari la kuuza maji. Huliegesha hatua chache kutoka kilipofukiwa kisima. Mama watoto hupanga foleni, na yeye hutoa kichwa dirishani. "Mama, sogeza ndoo." Tunakunywa, tutafanyaje.

Padri ameniambia nisamehe. Nimemuuliza nimsamehe nani, wakati hakuna aliyekuja kuniomba.

Kwa hiyo nataka mkutano mkuu wa kijiji, mchana kweupe, na ramani ile itundikwe tena. Mtaalamu aje aseme aliona nini kwenye njia ya kisima na kwa nini aliandika kumi na mbili. Afisa ardhi aseme kwa nini alifunga jalada mtu akiwa amesimama anakiri. Mwenyekiti ashuke kwenye boza lake, asimame mbele ya wanawake wenye ndoo, aseme semina ile walimwambia nini na sisi alituambia nini.

Mimi langu nimelisema: nilidanganya, nimelilipa kwa ng'ombe arobaini na watatu. Yeye hajajibu hata swali moja. Ajibu.