Chui Aliyekataa Kuitika

Saa tatu asubuhi, darasa zima la chekechea limelala kifudifudi sakafuni. Kila mtoto ana darubini usoni: vibomba viwili vilivyobaki karatasi ya chooni ilipoisha, vimegandishwa kwa gundi na kufungwa uzi. Mwalimu wao, aliyejipaka rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi, anatambaa mbele.

"Shhh! Nani kamwona twiga?"

Twiga ni wa boksi, kajificha nyuma ya pazia.

Wanamwita Mwalimu Gundi. Ana miaka tisa kazini, kwa mshahara ambao, anasema mwenyewe, "ukipepesa macho umekwisha." Vibomba anaomba kwa majirani. "Nikibisha hodi tu, wanakimbilia chooni!"

Lakini mwezi uliopita mchezo huu nusura umtoe roho. Siku hiyo watoto wenyewe ndio walikuwa wanyama, na binti wa fundi cherehani, wa miaka minne, akachaguliwa kuwa chui. Sheria ya mwalimu ilikuwa moja: mnyama wa porini haitiki akiitwa.

Wenzake wote walionekana. Chui, wapi!

"Nikaita weee, kimya. Kutazama geti, liko wazi!" anasimulia.

Mpishi wa shule akaita. Mlinzi akakimbilia barabarani. Mama mtu akaja mbio, pini bado zimechomekwa kwenye blauzi, akamwita mwanawe mpaka sauti ikakauka.

"Akaniuliza, 'Dada, mwanangu yuko wapi?' Afadhali angenizaba kibao."

Ndipo mtoto mmoja akamvuta sketi. "Mwalimu, si ulisema chui haitwi? Chui anachunguliwa."

Mwalimu akawalaza chini watu wazima wote, mama mtu na mpishi, akawagawia darubini. Nyuma ya magodoro ya kulalia, mkia wa soksi ukatikisika.

"Namwona," mama akanong'ona, machozi yakilowesha darubini.

Chui akachomoka akicheka. "Mmeniita sana, na sikuitika!"

"Nililia, nikacheka, nikalia tena," anasema mwalimu. "Wee, acha tu! Mungu mkubwa."

Hakufukuzwa kazi. Geti sasa lina komeo, na fundi cherehani anawashonea watoto mikia bila malipo. Mpango wa muhula ujao nao uko tayari.

"Tutacheza ndege," anasema Mwalimu Gundi. "Ndege wana kelele. Nataka wanipigie kelele mpaka nizibe masikio."