Ekzosi ya Kumheshimu Mama Mkwe

Nimeona bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Sitalike.

Wanangu wako likizo huko kwa mama mkwe wangu. Kwetu Wasukuma, mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Mama huyo akisikia pikipiki yangu anaingia ndani, tunasalimiana mlango ukiwa katikati.

Juzi niliambiwa anaumwa kichwa. Kwa huruma nikaenda kwa fundi kubadilisha ekzosi ya pikipiki yangu, maana ilikuwa na kelele. Nilisikiliza tatu, nimefumba macho kama mtu anayeonja asali, nikachagua iliyo kimya kuliko zote. Nikajiona mkwe bora Katavi nzima.

Nikaingia uani bila kusikika. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, khanga kaikaza kiunoni, anawaigizia wajukuu mlio wa zamani wa pikipiki yangu.

"Pu-pu-pu-kho! Baba yenu huyo! Nikisikia tu anavyokuja, kichwa chote kinapona."

Watoto wakaacha kucheka, wakanitazama. Mama mkwe akageuka.

Nikafumba macho haraka, na kwa heshima zote nilizobakiwa nazo, nikapiga honi.